Parachichi Linaumwa? Chimba Kwanza, Ndipo Upulize

Ukikaa kidogo kwenye duka lolote la pembejeo kuanzia Tukuyu hadi Makambako, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, utasikia ombi lile lile: "Shikamoo mama, naomba dawa ya parachichi." "Marahaba. Ya wadudu au ya ukungu?" Mteja anawaza, kisha anajibu, "Nipe zote, mti unakauka." Anaondoka na chupa mbili na busta, mbolea ya kupulizia majani, juu yake. Mti unaendelea kukauka, kwa sababu kinachouua kiko chini ya udongo, na bomba la kupulizia halifiki huko.

Mwongozo huu ni wa mwenye miti miwili nyuma ya nyumba Uyole, na pia wa mwenye ekari tano Wanging'ombe. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona kwanza. Tatizo ni kwamba dalili moja ina visababishi vingi vinavyofanana kwa mbali, na dawa ya kimoja haigusi kingine. Fedha nyingi za wakulima wa nyanda hizi zinapotea hapo.

Kabla hujagusa chochote, jiulize: yameanza majani machanga au ya zamani? Ni mti mmoja, kundi la miti, au bonde zima? Yalianza lini, na wiki ile kulikuwa na nini: mvua kubwa, baridi kali, mbolea, dawa ya magugu kwa jirani? Wadudu na magonjwa kwa kawaida huanza sehemu moja na kusambaa taratibu. Baridi, mbolea iliyozidi au dawa iliyopeperushwa na upepo hupiga mara moja, miti mingi kwa pamoja, mara nyingi upande mmoja. Tofauti hiyo peke yake inaondoa nusu ya kubahatisha.

Mti unakauka kuanzia juu

Tukae hapa kwa muda, kwa sababu dalili hii ndiyo inayofukia mashamba.

Majani mapya yanatoka madogo na yamepauka. Mti unakuwa mwepesi, ukisimama chini yake unaona anga. Ncha za matawi ya juu zinakauka na kubaki vijiti vitupu. Mchana majani yananing'inia kana kwamba mti una kiu, wakati udongo umelowa. Kinachodanganya zaidi ni kwamba mwaka huo mti unaweza kubeba matunda mengi madogo madogo, mwenye shamba akafurahi. Mti ulio taabani hufanya hivyo.

Nenda pale kivuli cha matawi kinapoishia. Ondoa majani makavu, chimba taratibu sentimita 15 hadi 20. Mizizi ya parachichi inayonyonya maji na chakula iko karibu sana na uso wa ardhi. Kwenye mti mzima utakuta mizizi myembamba mingi, rangi ya maziwa yaliyoganda, yenye ncha nyeupe. Ukikuta imekuwa myeusi na inakatika mkononi kama njiti za kiberiti, au usipoikuta kabisa, jibu umelipata: ni kuoza kwa mizizi. Mizizi minene inaweza kuonekana haina shida, na ndiyo maana wengi wakichimba karibu na shina wanasema mizizi ni mizima. Chimba pembeni, tazama ile myembamba.

Kisababishi kinaitwa Phytophthora cinnamomi. Kilitambuliwa kwanza kwenye mdalasini huko Sumatra mwaka 1922, na leo kipo karibu kila nchi inayolima parachichi. Tunakiita ukungu, lakini si ukungu halisi. Vijimbegu vyake vina mikia na vinaogelea kwenye maji yaliyo katikati ya chembe za udongo kuutafuta mzizi. Udongo ukituama maji, umevifungulia njia. Mizizi yenyewe nayo inakosa hewa na kudhoofika siku hizo hizo.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona miparachichi imepandwa pembezoni mwa vinyungu, zile bustani za mabondeni zenye unyevu. Kinyungu ni kizuri kwa mboga, maharage na mahindi ya kiangazi, kwa sababu maji yako karibu. Kwa parachichi ukaribu huo ndio ubaya wenyewe. Mti unakua vizuri miaka miwili mitatu, mizizi inashuka inakutana na maji, halafu masika moja ya mvua nyingi inaumaliza. Kule Rungwe udongo wa volkano unapitisha maji vizuri sehemu nyingi, lakini mvua ni ndefu, na miguu ya milima na vibonde hubaki vimelowa muda mrefu. Njombe na Mufindi mara nyingi shida ni udongo mwekundu wa mfinyanzi kwenye mteremko wa chini.

Kama unataka kujua eneo lako likoje kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 60, jaza maji, yakiisha jaza tena. Kesho yake muda kama huo bado kuna maji? Hapo usipande parachichi ardhini moja kwa moja. Panda juu ya tuta pana lililoinuka angalau nusu mita, au tafuta zao lingine.

Mti ambao tayari unaumwa haufufuliwi na chupa peke yake. Kwanza toa maji: chimba mtaro upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua yapite pembeni. Kama unamwagilia kwa sababu majani yananing'inia, acha. Tandaza nyasi kavu, mabua au majani kwa unene wa sentimita 10 hadi 15 chini ya kivuli chote, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo yanayooza yanalisha vijidudu vinavyopambana na ugonjwa, na mizizi mipya hupenda kuchipua humo humo. Kata matawi yaliyokauka ili mizizi iliyobaki ibebe mzigo unaolingana nayo. Usiweke samadi mbichi wala mbolea nyingi ya chumvichumvi, kwa sababu mzizi uliojeruhiwa unaunguzwa nayo.

Baada ya hayo ndipo dawa ina maana. Zinazosaidia ni zile za jamii ya fosfonati, zinazopulizwa kwenye majani au kuchomwa kwa sindano kwenye shina, zikashuka ndani ya mti mpaka mizizini. Usichanganye na fosfeti iliyomo kwenye DAP. Majina yanafanana, kazi ni tofauti kabisa, na kumwaga DAP kwenye mti huu hakutibu chochote. Mti ukiwa umebakiza nusu ya majani yake kuna matumaini. Ukibaki mifupa, ung'oe, na usirudishie mche mwingine wa parachichi kwenye shimo lile.

Ugonjwa huu husafiri na udongo. Jembe, viatu, tairi la trekta, na zaidi ya vyote mche. Unaponunua miche, usiangalie urefu na majani tu. Mwombe muuzaji akuruhusu kuchana kiriba cha mche mmoja, ulipe kama ni lazima, uone mizizi. Anayekataa mizizi yake isionekane, muage uondoke. Nunua kwenye vitalu vinavyotambuliwa na TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu na miche, hata kama mche una bei ya juu kidogo.

Sasa, si kila mti unaokauka juu una ugonjwa huu. Mizizi myembamba ikiwa mieupe, kwangua gome la shina karibu na ardhi. Ukikuta utando mweupe kati ya gome na mti, unaonuka uyoga, hiyo ni Armillaria, ukungu unaoozesha mizizi. Inapatikana sana mahali palipokuwa na msitu au miti ya zamani iliyokatwa visiki vikaachwa ardhini. Wakulima wa chai wa Mufindi na Rungwe wanaijua. Inahama kutoka kisiki hadi mzizi. Dawa ya kupuliza haipo. Ng'oa mti na visiki vyote pamoja na mizizi, choma, na pumzisha eneo kwa kulima mazao ya msimu.

Na kama machipukizi yamekuwa meusi usiku mmoja mwezi wa Juni au Julai, hasa miti ya bondeni wakati ile ya mteremkoni imesalimika, ni sakitu, yaani baridi ya kugandisha. Makete, Uwemba na maeneo ya juu ya Mufindi hakuna wa kusimuliwa habari hiyo. Hewa ya baridi ni nzito, inashuka na kutuama chini usiku. Usikimbilie panga. Subiri joto lirudi, mti utachipua wenyewe na kukuonyesha uhai unapoanzia, ndipo ukate juu ya hapo. Matawi yaliyobaki uchi yapake chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji, maana jua linalofuata baada ya baridi huyaunguza magome. Miche ya mwaka wa kwanza ijengee vibanda vya nyasi kabla Juni haijaingia.

Mche mchanga unakufa

Ung'oe taratibu utazame, usiulaumu mche hivi hivi. Shina limekatwa usawa wa ardhi kama kwa kisu: ni sota, kiwavi wa udongoni. Fukua udongo kuzunguka mche asubuhi, utamkuta amejikunja. Gome limeliwa na kuna udongo uliojengwa juu ya shina: ni mchwa. Mchwa hupenda mche ambao tayari una kiu, kwa hiyo maji ya kiangazi ni sehemu ya tiba, na matandazo makavu yasiguse shina. Mche umelala, ukiuvuta unakuja mkononi bila mizizi: ni fuko, na wanaolima viazi mviringo tayari wanamfahamu. Mtego kwenye njia yake unafanya kazi kuliko sumu.

Pia angalia kosa la mpandaji. Kiriba cha plastiki hakikutolewa? Sehemu ulipobebeshewa mche, yaani palipoungwa kijiti cha mti mwingine, imefukiwa? Mbolea ya kuku mbichi iliwekwa shimoni? Ncha za majani zilizoungua zikiwa za kahawia, pembeni kote sawasawa, mara nyingi ni mbolea.

Majani yana njano

Ukijua ni majani yapi, umekaribia jibu. Ya zamani yakigeuka njano yote na kudondoka, mti una njaa ya naitrojeni. Ya zamani yakiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, ni magnesiamu, jambo la kawaida kwenye udongo wenye tindikali kama wa sehemu nyingi za Njombe. Majani machanga yakiwa madogo, yenye madoadoa ya njano na yamesongamana kwenye ncha, fikiria zinki. Mti huo pia hutoa matunda ya mviringo, madogo kuliko kawaida. Matunda yakijipinda upande mmoja na kuwa na kovu kwenye ule upinde, fikiria boroni.

Boroni nitaisemea neno zaidi. Kiasi kinachotosha na kiasi kinachodhuru havipishani sana. Usipime kwa kukisia, na usiweke kwa sababu jirani kaweka. Pima udongo na majani kwanza. Na kabla ya yote rudi kwenye mizizi, kwa sababu mti uliooza mizizi huonyesha njaa ya kila kitu hata shamba likiwa na rutuba.

Ukiona mistari ya njano iliyozama kwenye tunda au kwenye matawi machanga ya kijani, mambo ni mengine. Kuna kijidudu kidogo kuliko virusi kinacholeta dalili hiyo, hakina tiba, na kinahama kwa vikonyo vya kubebeshea, kwa mbegu na kwa visu. Usichukue kikonyo kwenye mti huo, na zana iliyoukata ioshe kwa dawa ya kufulia yenye klorini kabla ya kugusa mwingine.

Majani yana masizi meusi, na sisimizi wanapanda

Masizi yenyewe hayali mti. Yanaota juu ya utamu unaodondoshwa na wadudu wanaofyonza: wadudu gamba, vidung'ata, vidukari au inzi weupe. Geuza jani, uwaone. Sisimizi wanaupenda utamu huo na huwafukuza wadudu rafiki wanaokula hao wafyonzaji.

Hivyo anza na sisimizi. Kata matawi yanayogusa ardhi na magugu yanayowapa daraja, kisha funga utepe wa plastiki kwenye shina na kuupaka grisi. Kwa miti ya nyumbani pulizia maji yenye sabuni ya maji, vijiko viwili kwa lita 5, jioni, chini ya majani. Jaribu majani machache kwanza. Rudia baada ya wiki. Sumu kali inayoua kila kitu itakuletea wadudu gamba wengi zaidi msimu ujao, kwa sababu wenye kuwala umewamaliza wewe.

Maua mengi, matunda hakuna

Mti mkubwa hutoa maua mengi mno na hubakiza chini ya tunda moja kwa kila maua elfu. Kudondoka ni kawaida yake. Shida ni pale usipobaki na kitu.

Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza kama jike, mara ya pili kama dume. Aina ya Hass hufunguka jike asubuhi, kisha dume mchana wa siku inayofuata. Aina ya Fuerte ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi ya pili yake. Ndiyo sababu miti michache ya Fuerte kati ya Hass husaidia, na ndiyo sababu siku za baridi na mawingu, ambazo huvuruga saa hizo na kuwazuia nyuki kutoka, huleta mavuno hafifu. Ukiona vitunda vyembamba virefu visivyo na kokwa, hiyo ni dalili ya uchavushaji uliokwama.

Anayepulizia sumu ya wadudu mti ukiwa umechanua anaua nyuki wake mwenyewe. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu linafanyika kila mwaka, tena na watu wanaoipenda miti yao. Weka mizinga, jirani naye aweke. Kama mti wako ulitokana na kokwa na una miaka minne, usimlaumu mdudu; wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, wa kokwa anaweza kukusubirisha miaka saba na zaidi.

Tunda lina kovu, kidonda au unga mweupe

Makovu ya kahawia yaliyokauka juu ya ganda, upande unaogusana na tawi, ni upepo. Ganda lote kuwa na magamba magumu ni thripsi, wadudu wadogo sana, waliolikwaruza likiwa changa. Likishakuwa kubwa hakuna cha kupulizia, madhara yalishapita. Kishimo kilichodidimia na ukimenya unakuta kigumu chini yake ni mdudu afyonzaye wa jamii ya kunguni.

Unga mweupe kama chumvi ni sukari ya tunda lenyewe inayotoka kwenye jeraha na kukauka. Unakuambia tu kwamba ganda limetobolewa, haukuambii na nani. Lipasue tunda. Ukikuta kiwavi mmoja mwenye kichwa cha kahawia na mwili wa pinki hafifu, ni nondo anayeitwa Thaumatotibia leucotreta. Ukikuta funza wengi weupe, wasio na miguu, wengine wakirukaruka, ni inzi wa matunda, na mara nyingi yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea Afrika kwa kasi, Bactrocera dorsalis.

Hass likiwa gumu juu ya mti si chakula kizuri kwa inzi huyu. Anazaliana kwenye yaliyodondoka na kulainika, kwenye maembe na mapera ya uani. Nondo naye hula machungwa, mapera, pilipili na hata mahindi. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni usafi: okota yaliyodondoka angalau mara mbili kwa wiki, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga, anika juani siku kadhaa, au yafukie kwenye shimo la zaidi ya nusu mita. Usiyatupe kwenye mboji wala kando ya barabara, na usiwape kuku au mbuzi, maana parachichi lina sumu inayodhuru mifugo hiyo. Mitego ya chambo huvuta inzi dume na kukuonyesha wingi wao, lakini haizibi pengo la matunda yaliyoachwa yaoze.

Kwa anayeuza nje hili lina uzito wa pekee. Tanzania na China zilisaini makubaliano ya parachichi Novemba 2022, na masoko ya namna hiyo hukagua wadudu kwa jicho kali. Kiwavi mmoja kwenye sanduku anaweza kuzuia mzigo wa kijiji kizima.

Tunda zuri shambani, bovu mezani

Madoa meusi ya mviringo yanayoingia ndani tunda likiiva ni ugonjwa wa ukungu uitwao chule. Uliingia tunda likiwa changa, wakati wa mvua, ukalala. Kukata matawi yaliyokauka na kufungua katikati ya mti ili hewa ipite ni nusu ya kinga. Dawa zenye shaba, zikipulizwa baada ya tunda kushika na kurudiwa msimu wa mvua, ni nusu nyingine. Kuoza kuanzia kwenye kikonyo hutokana na kuvuna kwa kunyofoa, au kuvuna mti ukiwa umelowa. Tumia mkasi, acha kikonyo kifupi.

Tunda likisinyaa kama mpira badala ya kulainika, halina ugonjwa. Limevunwa changa. Kabla ya kuuza, chuma matunda machache, yapasue: ngozi ya kokwa ikiwa nyeupe na nene, subiri, ikiwa ya kahawia na nyembamba, limekomaa. Mengine yaweke ndani ya nyumba. Yakiiva laini bila kusinyaa, mwite mnunuzi. Dalali anayekuhimiza uchume mapema ana haraka zake, na jina litakaloharibika sokoni ni la kwako.

Ukishindwa kutambua

Peleka sampuli kwa afisa ugani wa kata au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole. Usipeleke tawi lililokufa; halisemi kitu. Peleka sehemu ambapo ugonjwa na uzima vinakutana: majani kadhaa yanayoanza kuumwa na mengine mazima, yakiwa kati ya magazeti, na mizizi myembamba pamoja na udongo wake wenye unyevu kwenye mfuko, mbali na jua. Andika umri wa mti, ulitoka kitalu gani, umeweka nini miezi ya karibuni, na tatizo limeanzia wapi shambani. Piga picha ya mti mzima kwa simu, siyo ya jani tu.

Ukishauriwa dawa, hakikisha chupa ina usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, inataja parachichi, na soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Vaa glovu, barakoa na buti, pulizia asubuhi mapema au jioni pasipo upepo, na usioshe bomba mtoni.